Miaka 3 ya kumsubiri mtoto: mwili, shamba na karatasi

Afisa ugani wetu, mwenye ukurasa huu, ameniachia nafasi leo niandike mimi, kwa sababu maswali ninayopata sokoni yamekuwa mengi kuliko nyanya ninazouza. Kuna wanaouliza nimepunguaje mwili. Kuna wanaouliza imekuwaje mtu aache kazi Uingereza aje kuinama kwenye jaruba la mpunga huku Msalala. Na kuna wanaosubiri wateja waondoke, ndipo wanauliza kwa sauti ya chini: yule mtoto mlimpataje?

Nitayajibu pamoja, kwa sababu yalinijia pamoja na sikuwa na namna ya kuyatenganisha.

Nilihudumia wazee kwenye nyumba ya malezi huko Uingereza kwa miaka 14, mingi ikiwa ya zamu za usiku. Ukikesha usiku unakula usiku, na mchana unalala. Niliporudi mwaka 2019 nilikuwa na kilo 107 na sukari imeanza kupanda. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekaa kwenye ndoa miaka 11 bila mtoto. Tulirudi tukiwa tumekubaliana kuasili mtoto wa hapa nyumbani.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi mna ndugu nje ya nchi mtapenda kulijua. Mume wangu hakubadili uraia. Mimi nilichukua uraia wa Uingereza, na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo mimi, niliyezaliwa Kishapu, mbele ya sheria ni mgeni ninayeishi kwa kibali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu asiye raia kuasili mtoto wa Kitanzania, ila kwa masharti. Ionekane kwanza kwamba mtoto huyo hawezi kupata familia nyingine inayofaa hapa nchini. Mwombaji awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo. Awe amekaa na mtoto kwa malezi ya kambo angalau miezi 3, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Asiwe na rekodi ya jinai, apendekezwe kwa maandishi na wahusika wa ustawi, na mahakama iridhike kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili.

Wakili alipomaliza kutusomea, mume wangu alisema, "Miaka 3 ni misimu mitatu ya mpunga." Ndivyo tulivyoihesabu tangu siku hiyo.

Kuna watu wataona masharti haya ni ya kuwasumbua watu wema. Mimi niliyesubiri nayatetea. Mnakumbuka habari za Madonna, yule mwanamuziki wa Marekani, na watoto wa Malawi. Aprili 2009 Mahakama Kuu ya kule ilimkatalia mtoto wa pili kwa sababu hakuwa mkaazi, na Juni mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikamruhusu. Kenya ilisimamisha kabisa wageni kuasili watoto wake Novemba 2014. Nchi hizi hazikuchukia wageni. Mahali penye umaskini na watoto wengi, akija mtu mwenye fedha na haraka, hukosi dalali atakayejitokeza katikati yao.

Hata sisi alitufuata. Mwaka wetu wa kwanza mtu mmoja alituambia kwamba machimboni kuna mabinti wanaojifungua na baba wa mtoto ameshahamia rashi nyingine, na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha angetuletea kichanga ndani ya wiki, "bila usumbufu wa ustawi". Tulimfukuza. Nawe ukiambiwa hivyo, mfukuze kisha umtaje kwa mtendaji. Mtoto aliyelipiwa namna hiyo hana faili, na huyo binti anaweza kuwa hakukubali chochote. Siku polisi wakija, aliyeshikwa na mtoto mkononi ni wewe.

Basi miaka 3 ilikuwepo na ilibidi tule. Shamba na leseni viko kwa jina la mume wangu, kwa sababu asiye raia hamiliki ardhi hapa kama raia. Tulianza na ekari mbili za mpunga wa SARO 5, na pembeni ya kisima nyanya, bamia na mchicha. Soko letu ni mama lishe wa Kakola na wakati mwingine Katoro, upande wa Geita. Wafanyabiashara wa huko mnanielewa: kila mtu anakopa mpaka duara liteme. Likitema, unalipwa deni lote kwa siku moja na soda unanunuliwa. Lisipotema, mama lishe anakaa na deni la wachimbaji, nawe unakaa na deni la mama lishe.

Mimi nilikataa kukopesha zaidi ya tenga moja kwa mtu. Waliniita mchoyo. Lakini nilijua afisa ustawi atakuja kuniuliza kipato changu ni nini, na "wananidai, nawadai" si jibu. Nilinunua daftari la kaunta, nikaandika kila siku: nimeuza nini, kwa nani, nimelipwa au bado. Kazi ya wazee ilinifunza kuandika kila kitu, hata mzee amekunywa maji saa ngapi. Daftari hilo ndilo lililotubeba baadaye kuliko barua yoyote. Kama wewe ni mkulima na unafikiria kuasili, au hata kukopa benki, anza daftari msimu huu.

Niseme habari za mwili. Sikunywa majani ya kupunguza tumbo yanayouzwa minadani, na sikuwahi kuamini mtu anayeuza dawa moja ya kitambi, nguvu na presha. Daktari aliniambia nipunguze sukari, wanga na mafuta, nitembee. Soda niliacha siku hiyohiyo. Chai nikaizoea bila sukari, na ilinichukua miezi miwili kuacha kukunja uso. Sembe nikabadili kuwa dona na ugali wa mtama. Mboga zikawa nyingi kuliko ugali kwenye sahani: mlenda, mchicha, na nsansa ambazo mama mkwe huanika kila mwaka. Wali ninaoulima mwenyewe ninaupima kwa kikombe. Palizi na kutembea kwenda jarubani vikafanya mengine. Mwaka wa kwanza nilipungua kilo 12. Wa pili 9.

Hapo ndipo jambo lilipotaka kuharibika. Kwetu, mama akinenepa watu husema biashara imekubali. Akipungua, kila mtu ana jibu lake mfukoni. Mzee mmoja jirani aliniita kwa upole akaniuliza, "Mwanangu, mbona unaisha? Huko Ulaya walikupa nini?" Mteja mmoja alianza kuchagua nyanya bila kunigusa mkono. Wengine walisema tumefilisika.

Ungesema ni maneno ya kijiweni, yaache yapite. Hayakupita. Afisa ustawi anapochunguza familia hasikilizi maneno yenu peke yake, anauliza majirani na viongozi wa kitongoji. Alikuja kwetu mwaka 2022, akatazama choo, chandarua, kitanda tulichoandaa, kisha akafunga faili akaniambia, "Mama, naomba unisamehe, lakini nimeambiwa na watu watatu kwamba wewe ni mgonjwa na unaficha."

Fikiria misimu mitatu imepita, na mtoto tulishaoneshwa. Alikuwa na miaka 4, kwenye makao ya watoto, na tulikuwa tumemtembelea mara tano.

Kilichoniokoa ni kadi ya kliniki. Kila nilipopimwa sukari na presha nilihakikisha wanaandika uzito na tarehe. Ilionekana pale kilo zinashuka pole pole, moja au mbili kwa mwezi, na sukari inashuka nazo. Mtu anayeisha kwa ugonjwa hashuki kwa mpango huo huku sukari ikinyooka. Afisa alisoma ukurasa kwa ukurasa, akaomba nakala, na akatutuma hospitali kwa vipimo kamili mimi na mume wangu. Majibu yakaenda kwenye faili. Kwa hiyo ukipunguza mwili kwa kutaka mwenyewe, pima na uandikiwe. Na mwambie angalau jirani mmoja mwenye mdomo mkubwa kwamba ni daktari aliyekuagiza. Atakusambazia bure.

Binti yetu aliletwa nyumbani kwa malezi ya kambo Septemba 2022. Jina lake na habari za waliomzaa siziandiki hapa. Ni mali yake, atazisema mwenyewe akitaka.

Sasa nikuulize wewe mama unayepunguza mwili: utafanyaje ukiwa na mtoto anayetakiwa kuongezeka? Yeye alikuwa mdogo kuliko umri wake. Aliagizwa uji wa lishe wenye karanga, mayai, maziwa ya mgando, mafuta kidogo kwenye mboga. Mimi usiku nilikuwa nakula kidogo sana, siku nyingine chai tupu. Wiki ya pili, nikitandika, nilikuta michembe chini ya godoro lake, na kipande cha ugali kilichokauka kama kigae. Afisa ustawi alitueleza kwamba watoto waliolelewa kwa wengi mara nyingi huweka akiba, hawana uhakika na kesho. Tusimgombeze, tumwekee chakula mahali anapoona.

Usiku mmoja alinitazama nikiwa na kikombe changu cha chai, akasukuma sahani yake upande wangu. "Mama, chakula kimeisha?"

Tangu usiku huo hakuna anayekosa chakula cha jioni kwetu. Tunakula pamoja, tumekaa, chungu kimoja. Tofauti iko kwenye sahani: yangu ina mboga nyingi na tonge dogo, yake ina yai na parachichi. Tukamwekea kapu la ndizi na karanga mlangoni pa jikoni, lake, hakuna wa kumuuliza. Godoro lilikaa bila michembe baada ya miezi kama minne. Uzito wangu ulisimama mwaka ule wote, haukushuka hata kilo. Sikujali.

Biashara nayo ilibadilika. Safari za Katoro za kuamka saa tisa usiku niliziacha, mume wangu akachukua. Na sikumpeleka mtoto kwenye maeneo ya makarasha hata siku ambayo hakukuwa na wa kubaki naye. Zebaki inayochomwa kule hutoa moshi usioonekana vizuri, na watoto huumizwa na moshi huo kuliko sisi. Akina mama mnaouza chakula jirani na wachomaji huku mmebeba watoto mgongoni, naomba meza ihame upande upepo unakotokea, au mbali kabisa.

Miezi 3 ya lazima ilipita. Kwa sababu ya mimi kuwa mgeni, karatasi zilisafiri Dodoma na Uingereza zikarudi. Kesi yetu ilisikilizwa Mahakama Kuu, Kanda ya Shinyanga, faragha, si mbele ya umati. Amri ilitoka mwaka 2023, ikapelekwa RITA kwenye rejista ya watoto walioasiliwa. Kuanzia hapo, kisheria ni mtoto wetu kana kwamba nimemzaa: jina, matunzo, urithi wa shamba. Shemeji mmoja alishaanza kupiga hesabu ya lile jaruba la juu. Aliacha.

Kwa ninyi ambao ni raia, masharti ya miaka 3 ya ukaazi hayawahusu. Lakini najua wengi mna mtoto ndani ya nyumba aliyeachwa na mpangaji aliyefuata rashi, au na mdogo wako aliyefia shimoni, na hamna karatasi hata moja. Moyo wako ni mzuri, ila anapofika shule utaulizwa cheti cha kuzaliwa, mama yake akirudi hamtajua nani ana haki gani, na wewe ukifa leo huyo mtoto hana fungu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, upate barua inayoeleza mtoto alifikaje kwako na lini. Nenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Si lazima iwe kuasili. Kama wazazi wapo au ndugu wapo, malezi ya kambo yanaweza kutosha, na afisa ndiye atakayewaelekeza. Beba kadi ya kliniki ya mtoto kama ipo, kitambulisho chako cha NIDA, na daftari lako la mauzo.

Wanaouliza nina kilo ngapi leo: 85. Baada ya mavuno nilipanda mbili, kwa sababu ya wali mpya.