Dungu la Mtama

Neno dungu, yaani jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya shamba ili mlinzi aone mbali, karibu limetoka vinywani mwa vijana wa Morotonga, wilayani Serengeti, na pamoja nalo limeondoka neno kuamia, ambalo maana yake ni kulinda mazao yasiliwe na ndege. Kijana akiulizwa jina la ndege aliyetua uani hujibu kwamba ni ndege tu. Na jibu hilo hutolewa jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951, ambako wageni huvuka bahari na kulipa fedha nyingi ili waone aina zaidi ya 500 za ndege.

Enzi za mtama na wimbi, mtoto alipanda dunguni kabla jua halijachomoza, akiwa na kombeo, yaani kamba iliyosokotwa yenye kitanga katikati cha kuwekea jiwe. Adui wake mkuu alikuwa kwelea kwelea, ambaye uzito wake haufiki gramu 25 lakini hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la milioni moja humaliza tani 10. Baina ya kundi na kundi palikuwa na saa ndefu za kungoja, na kungoja huko ndiko kulikokuwa shule: mtoto alitambua mlio wa tetere, akajua kwamba chiriku wakinyamaza ghafla mwewe yu karibu, akamsikiliza mumbi, yule ndege mkubwa mweusi atembeaye chini, ambaye ngurumo yake ya alfajiri ilichukuliwa kuwa habari ya mvua. Mvua ilipochelewa hakulaumiwa mumbi, alitafutwa aliyemtupia jiwe. Mlembe naye, ndege aongozaye watu hadi kwenye mzinga wa nyuki, alisemekana kwamba akinyimwa sega lake, safari ifuatayo humpeleka mchoyo kwa nyoka. Na ni kweli kwamba ndege huyo hula nta, kwa hiyo hadithi ilikuwa pia mkataba.

Bundi hakupata mkataba wowote. Aliitwa mleta msiba na kufukuzwa kwa kijinga cha moto, ingawa kilichomvuta uani kilikuwa panya wa ghalani, na panya hao ndio waliokula nafaka ambayo mtoto alishinda akiilinda.

Mahindi, ambayo punje zake zimefunikwa kwa maganda na hazimfai kwelea kwelea, yalisukuma mtama pembeni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikawataka watoto wawe darasani, jambo ambalo hakuna mwenye akili anayelijutia, ila darasani hakuna aliyefundisha majina ya ndege. Vita dhidi ya kwelea kwelea vikakabidhiwa ndege nyingine, ile ya injini inyunyiziayo sumu kutoka angani, na Kiswahili kikaachwa na jina moja kwa mwindaji na mwindwa. Yakaja mabati, magunia yakachukua nafasi ya ghala, zikaja simu. Bundi peke yake ndiye aliyerithiwa bila kupunguzwa neno, kwani vijana wasiomjua mumbi wala mlembe bado humrushia mawe.

Mwewe naye bado hutajwa kwa jina, kwa kuwa angali huja mchana kuchukua vifaranga, na watoto humkimbiza kwa kelele, mikono mitupu.