Ufa Unaochelewa

Maisha yangu ya kazi yamepita katika kuchomelea vyuma vya migodini, kuanzia Kahama hadi Geita: vijiko vya ekskaveta, vinu, na karasha za wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Nyarugusu. Kazi hiyo imenithibitishia kwamba nyufa nyingi tunazosingizia mawe huletwa na haidrojeni. Ushahidi ni muda. Ufa wa aina hii huweza kujitokeza siku moja au mbili baada ya fundi kuzima mashine, kijiko kikiwa bado kimelazwa karakana bila kubeba hata kokoto. Moto wa kuchomelea huvunja unyevu wa rodi, kutu na grisi, na haidrojeni ikazama katika chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa haraka, inanaswa kando ya mshono, mahali palipogeuka pagumu, kisha hujikusanya polepole mpaka chuma kinaachia.

Wapo wanaosema kupasha chuma kabla ya kuchomelea ni desturi ya nchi za baridi, haituhusu sisi tunaotokwa jasho Shinyanga. Hoja hiyo inapima joto kwa ngozi ya mtu. Kwa chuma, nyuzi 30 bado ni baridi: ufa wa haidrojeni hutokea chini ya nyuzi 200 hivi, na bamba nene hufyonza joto la mshono haraka kuliko jembamba. Likipashwa, hupoa taratibu na haidrojeni hupata nafasi ya kutoka. Kwamba haidrojeni hutoka kwa muda si jambo geni: mwaka 1875, huko Uingereza, W. H. Johnson alieleza kwamba chuma kilichoingiwa na haidrojeni kwa kuchovywa kwenye tindikali hupoteza uimara wake, kisha huupata tena kadiri muda unavyopita.

Ni kweli kanuni hii ya kupasha haifai kila chuma. Taya za karasha zenye manganizi nyingi huharibika zikipata joto kupita kiasi, kwa hiyo huchomelewa bila kupashwa. Hilo linamdai fundi akijue chuma alichokishika. Halimruhusu kutumia rodi za 7018 (rodi za haidrojeni kidogo) zilizolala wazi msimu wa mvua bila kuzikausha kwenye tanuri. Wasimamizi nao hulalamika kwamba kusubiri kabla ya kukagua mshono kunakula uzalishaji. Lakini kijiko kikipasuka shimoni, kazi hurudiwa yote, na aliye karibu anaweza kuumia. Ndiyo maana nashikilia kwamba mshono wa bamba nene ukaguliwe baada ya saa 48, na tanuri la rodi lihesabiwe kuwa kifaa cha lazima, mgodini na kwenye karasha za vijijini vilevile.