Mwaka Wao Ulikuwaje?



Juma hili tuwatafakari heroe wadogo wa Ziwa Natron, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu twawaita flamingo. Ziwa hilo la magadi, lililoko kaskazini mwa Tanzania, ndilo mahali pao pakuu pa kuzalia katika Afrika Mashariki yote. Jike hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha tope kinachoinuliwa ili yai liepukane na maji na joto kali la chini.

Usalama wa yai hilo hutegemea mvua. Ikizidi, maji hupanda na kuvifunika viota. Ikikosekana, ziwa hukauka pembezoni, na wanyama kama fisi na mbweha huvifikia viota kwa miguu. Maji yakiwa ya kadiri, makinda huanguliwa kwa wingi. Ndiyo maana ipo miaka ambayo heroe hawazai kabisa, ingawa ni ndege wale wale, wenye bidii ile ile.

Mwaka 1962 Ziwa Natron lilifurika, nao wakahamia Ziwa Magadi, nchini Kenya. Huko makinda walianguliwa, lakini magadi yaliwaganda miguuni yakawa kama pingu, na wengi wakafa. Ndipo watu walipoingia ziwani, wakazivunja pingu hizo, kinda baada ya kinda, na maelfu wakaokoka.

Wapendwa, sisi nasi tu watu wa kutegemea mvua. Tumeona mashamba yaliyolimwa mapema na kupaliliwa vema yakikauka kabla mahindi hayajabeba. Hata hivyo, jirani akija kukopa debe la unga, twawahi kunong'ona kwamba ni mvivu. Heroe aliyepoteza yai lake kwa mafuriko hatumwiti mzembe. Mbona mwenzetu twamhukumu upesi hivyo?

Uvivu upo, hatukatai. Lakini kabla ya kumlaumu mtu kwa ghala tupu, tuulize kwanza: mwaka wake ulikuwaje? Na tukiisha kuuliza, tusiishie kwenye huruma ya midomo. Wale walioingia ziwani mwaka 1962 hawakuwa na uwezo wa kuizuia mvua. Walichokuwa nacho ni mikono, wakaitumia.

Debe moja la unga nalo laweza kuvunja pingu.

Tunawatakia Jumapili njema.