Wosia kwa Vijana wa Nyaishozi Mlioshika Kipaza Sauti

Wanangu na wajukuu zangu wa Karagwe na Kyerwa,

Nguvu zinaniishia, na mzee haondoki bila kuacha neno. Langu ni hili: redio ni amana. Itunzeni.

Sisi tulikua na Redio Tanzania Dar es Salaam. Betri tuliziita mawe. Yakichoka tuliyaanika juani, yapate kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya jioni. Tuliyajua ya Dar es Salaam na ya ulimwengu; ya vijijini kwetu hayakuwa na pa kusemewa.

Sheria ya mwaka 1993 ikaruhusu redio za watu binafsi. Mwaka 2007 FADECO, asasi ya wakulima ya Joseph Sekiku, ikaanza kurusha matangazo yake kutoka Kayanga. Ulikuwa wakati mgumu: ugonjwa wa mnyauko umeingia Kagera, migomba inageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya siku zake na kuoza ndani. Mkulima alihitaji kuambiwa mapema: ua dume liondoe kwa mti wenye panda, usitumie kisu, panga lililogusa mgomba mgonjwa lipitishe motoni kwanza. Maneno machache namna hiyo, yakisikika kwa wakati, huokoa kibanja.

Lakini ujueni na ubaya wa redio. Huko Rwanda, redio ya RTLM ilianza mwaka 1993 kwa muziki na utani uliowavuta vijana. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, ikawa inataja watu wa kuuawa. Maiti zikaelea mto Kagera hadi Ziwa Viktoria, na mwishoni mwa Aprili wakimbizi wapatao 250,000 wakavuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Mwaka uliofuata, hapo hapo Ngara, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera, ikawasemesha watu wale wale habari za amani.

Kwa hiyo nawausia:

Kwanza, msitangaze jambo kabla ya kulithibitisha. Habari ya shamba ifuateni shambani.

Pili, anayelipia tangazo amenunua dakika zake tu. Asiwafunge midomo juu ya maovu yake.

Tatu, muziki pigeni, hata huo wa roki mnaoupenda, ila msizisahau nyimbo za kwetu. Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, na nchi nzima ikacheza.

Nne, mama anayelima na kijana wa bodaboda wapeni nafasi waseme wenyewe. Msiwasemee.

Tano, mkikosea, rekebisheni siku hiyo hiyo, saa ile ile mliyokosea, ili aliyesikia kosa asikie na ukweli.

Mungu awabariki, awape ujasiri wa kusema kweli na subira ya kusikiliza.

Mzee wenu,
Nyaishozi