Kwa Baiskeli mpaka Ngitili ya Marehemu Baba

Mwezi wa Julai uliopita, siku ya Ijumaa, kaka yangu mkubwa alinipigia simu akiwa mnadani. Akasema, "Kesho tunakutana nyumbani kukata shauri juu ya ngitili ya baba. Usipokuja tutaamua bila wewe." Basi jioni ile ile nikaitia baiskeli yangu mafuta, nikajaza tairi upepo, nikafunga pampu na kikopo cha viraka chini ya kiti. Mke wangu alinishauri nipande bodaboda. Nikamjibu kwamba nauli ya kwenda na kurudi ni madaftari ya watoto wetu. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Naipenda ile njia.

Wasomaji wasio wa Usukumani huenda wakauliza ngitili ni kitu gani. Ni eneo ambalo wenyewe wamelifunga lisilimwe wala lisichungwe tangu mvua zinapoanza, ili majani na miti vikue. Kiangazi kikikaza, ndipo hufunguliwa kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Liko la ukoo, liko la kijiji, na shule nyingine zina lao.

Mimi nakaa Maganzo, kando ya lami itokayo Shinyanga kwenda Mwanza. Mwenye baiskeli katika lami ile hana heshima. Akisikia honi nyuma yake yampasa ashuke upesi majanini, maana lori haliwezi kumngoja. Mwaka jana mzee mmoja wa kwetu aligongwa akitoka sokoni na debe la mtama, na mimi ndiye niliyeandika jina lake katika kitabu cha wafu cha parokia. Tangu siku ile, nikiweza kuikwepa lami naikwepa.

Saa kumi na mbili u nusu nikaipa lami kisogo, nikashika upande wa Mhunze, makao ya wilaya yetu ya Kishapu. Kulikuwa na baridi ya kuuma vidole. Nyuma yangu vilionekana vile vilima vya mchanga wa Mwadui, ambako Bwana John Williamson kutoka Kanada aligundua almasi mwaka 1940. Huko ndiko ilikotoka mwaka 1947 ile almasi ya rangi ya waridi aliyopewa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, alipoolewa. Watu wa mbali wakisikia jina la Mwadui hudhani sisi sote huku tumelala juu ya mali. Wangeona tairi zangu wasingedhani hivyo.

Mwendo wa kama saa moja ni barabara ya changarawe. Nilikutana na mikokoteni miwili ya maksai, wasichana wenye ndoo, na bodaboda mmoja tu. Kila mtu akanisalimu, "Mwangaluka!" nami nikaitikia. Katika lami nani atakusalimu? Kisha nikaiacha changarawe nikafuata njia za ng'ombe, na hapo baiskeli ndiyo hasa iliyo bwana, maana gari haliwezi kupita.

Mpanda baiskeli wa kwetu huijua ardhi kwa magoti yake. Juu, kwenye miinuko, kuna luseni, yaani mchanga mwepesi. Hapo usishindane nao: punguza upepo kidogo katika tairi, lainisha mikono, ukanyage polepole bila kusimama, kwani ukisimama utashuka. Ukiteremka wafika kwenye ibambasi, udongo mgumu kama sakafu, na baiskeli huimba yenyewe. Chini kabisa, mabondeni, ndiko kwenye mbuga, ule udongo mweusi upendwao na pamba na dengu. Masika mbuga haipitiki. Udongo hujaa kati ya gurudumu na bamba la matope hata gurudumu likagoma kuzunguka, nawe wabeba baiskeli begani badala ya yenyewe kukubeba wewe. Kiangazi mbuga hupasuka nyufa ambazo zaweza kumeza tairi. Zivuke kwa kuzikata, usizifuate. Nchi yote imekaa hivyo, mwinuko na bonde, mwinuko na bonde, na vijito vya upande huu, vyenye mchanga mtupu mwezi wa Julai, humwaga maji yake kuelekea Manonga.

Baada ya kijito cha pili nikaingia msituni. Nasema msitu, ingawa mtu wa Bukoba au wa Usambara angecheka. Ni migunga, mikwaju na vichaka, na mibuyu michache iliyosimama kama wazee wasioitwa kikaoni. Lakini kivuli ni kivuli. Njia ilipita katikati, upana wa ng'ombe mmoja, nami nikapita kimya hata kwale wakashtuka miguuni pangu. Nikasikia harufu ya maua na majani makavu, na njiwa wakilia. Hakuna injini.

Babu yangu hakuwa na kivuli hiki. Aliniambia kwamba zamani nchi hii ilijaa mapori na mbung'o, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza pamoja na machifu waliwaita watu kwa maelfu wakafyeke miti ili mbung'o wafe. Babu alikuwa kijana mdogo, akapewa shoka kama wengine. Mbung'o wakapungua, ng'ombe wakaongezeka, na mashamba ya pamba yakafuata. Halafu mwaka 1974 watu wakahamishiwa katika vijiji, na ngitili nyingi za kale zikabaki mbali na wenyewe, zikaliwa na kila mtu. Baba alisema alipooa, mama alitembea nusu siku kutafuta kuni, na nyumba nyingi zilipika kwa samadi.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tuliujua kwa jina la HASHI. Mwanzoni mabwana miti walileta miche ya kigeni, na mchwa wakashukuru. Baadaye wakaona kwamba dawa ilikuwa chini ya miguu yao. Visiki alivyokata babu vilikuwa havijafa. Mizizi ilikuwa hai, ikingoja tu iachwe. Basi wakawahimiza wenyeji wafunge ngitili kama zamani, na sheria zake zikatungwa na dagashida, baraza la wananchi. Mpango ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefika hekta zaidi ya 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. Baba alifunga ya kwetu mapema kabisa. Majirani walimcheka kwamba analima miiba.

Na miiba ilinipata mimi. Kabla ya kufika nyumbani tairi la nyuma likapiga mluzi likalala. Nilikuwa nimekaa chini nikiukwangua mpira nitie kiraka, akaja mama mmoja mzee na mundu, amebeba majani ya kuezekea. Tulipokwisha kusalimiana akauliza, "Wewe si mtoto wa yule mzee wa ngitili? Nasikia mnataka kuilima."

Nikamjibu, "Ndiyo kwanza twaenda kuzungumza, mama."

Akautazama mwiba mkononi mwangu. "Huo ni wa baba yako," akasema, akaenda zake.

Nyumbani niliwakuta ndugu zangu wote chini ya mkwaju. Sisi tu sita. Kaka alisema wazi kwamba bei ya dengu ni nzuri, watoto wanadaiwa michango shuleni, na ekari kumi na tano haziwezi kulala bure kwa ajili ya kwale. Dada akasema kuni atatoa wapi. Mdogo wetu alitaka tukate miti tuchome mkaa kwanza, ndipo tulime. Nami, wasomaji wapendwa, sikusema neno kwa muda mrefu. Nina watoto wanne, na mshahara wa karani mnaujua. Njiani nilikuwa nimeusifu msitu. Hapa nilikuwa nahesabu magunia.

Mwishowe nikauliza, "Nani aliyepima hizo ekari kumi na tano?"

Hakuna aliyejua. Baba alikuwa akisema hivyo.

Basi nikafanya kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu. Nikafunga uzi mwekundu kwenye spoki ya gurudumu la mbele, nikalisukuma mzunguko mmoja chini, tukapima kwa futi ya fundi: mita mbili na sentimita ishirini. Kaka akashika usukani, mimi nikahesabu uzi ukipita chini. Eneo lile ni kama mstatili. Upande mrefu ukatoa mizunguko 95, mfupi 77. Ni mita 209 kwa 169. Nikazidisha kwa kijiti mavumbini, mara mbili, maana kaka hakuamini. Ilikuwa ekari nane na robo tatu.

"Gawa kwa sita," akasema.

Ni pungufu ya ekari moja na nusu kwa kila mtu, na upande mmoja ni ibambasi tupu isiyoota dengu. Kaka akakaa juu ya kisiki. Ndama wake walikuwa zizini, mbavu zao zikihesabika kwa mbali.

Baadaye akasema, "Ifunguliwe Agosti kama kawaida. Ndama wale kwanza. Mengine tutazungumza baada ya mavuno mengine." Mdogo wetu alinung'unika, na nadhani atanung'unika tena.

Jumapili baada ya sala nikaondoka, dada amenifungia kwenye karia chupa ya asali na mzigo wa kuni ambao ulinitesa sana katika luseni. Nilipita tena mahali pa ule mwiba, safari hii nikashuka na kusukuma. Uzi mwekundu bado uko kwenye spoki.