Sauti Juu ya Sauti: Kuipima DVD ya Kichina Mpanda

Filamu ikishatoka katika jumba la sinema na kuingia majumbani mwa watu, huhukumiwa upya, na kwa mizani nyengine. Wahakiki wa DVD wana maswali yao mashuhuri: Je, picha ni safi? Sauti imepangwa vyema? Maandishi ya tafsiri chini ya picha yamekuwa mwaminifu kwa maneno ya waigizaji? Maswali hayo ni ya haki, khasa kwa mtu aliyeketi sebuleni kwake, runinga ni yake, na umeme haukatiki. Lakini filamu husafiri mbali kuliko wahakiki wake, na huko ifikapo hukuta mizani ambayo aliyeitengeneza hakuijua.

Mpanda ni mahali pamoja pa namna hiyo. Mji huu, ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa, uko mwisho wa reli. Atokaye visiwani huvuka bahari hadi Dar es Salaam, akashika Reli ya Kati hadi Tabora, akasonga mbele hadi Kaliua, kisha akafuata tawi linaloteremka kusini na kukomea hapo Mpanda. Tawi hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Risasi ilipokwisha kuwa habari kubwa, reli ilibaki kubeba watu, mahindi, mpunga na bidhaa za dukani. Miongoni mwa bidhaa hizo, katika miaka ya 2000, zilikuwamo DVD za Kichina zilizotoka Kariakoo, filamu nyingi zimebanwa katika sahani moja nyembamba, na jalada lake limejaa picha za mashujaa wanaoruka angani.

Umeme wa Mpanda kwa miaka mingi ulikuwa wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Si kila nyumba iliyokuwa na runinga, wala si kila runinga iliyokuwa na pa kuchomekwa. Hivyo basi, kile wanachokiita wengine video ya nyumbani, huko kilikuwa video ya kibanda. Watu wenyewe walikipa jina la kejeli na huruma kwa pamoja: kibanda umiza. Mabenchi ni magumu, joto ni kali, na watu hubanana bega kwa bega. Humo hukaa Mpimbwe na Mkonongo, Mbende na Msukuma, na mtoto wa mkimbizi wa Burundi kutoka makazi ya Katumba, ambayo yalianzishwa baada ya mauaji ya mwaka 1972. Kila mmoja ameiacha lugha ya mama yake mlangoni. Kinachowakutanisha ndani ni Kiswahili, nacho hakimo katika filamu. Sharti kiletwe na mtu.

Filamu inayofaa kuwa kipimo ni Kung Fu Hustle ya Stephen Chow, iliyotoka Hong Kong mwishoni mwa mwaka 2004. Ni mchezo wa kuchekesha uliochanganywa na maajabu. Katika mtaa wa mafukara kuna mwenye nyumba na mkewe. Mume ni mlevi mwenye tabasamu, na mke ana vikunjio vya nywele kichwani, sigara mdomoni na matusi yasiyokwisha. Genge la wanaume wenye shoka na kofia ndefu nyeusi linauvamia mtaa. Kumbe fundi cherehani, mchukuzi wa mizigo na mpika vitafunio ni magwiji waliojificha, na kumbe yule mwanamke mkali ana ngurumo ya simba kooni mwake, ngurumo inayoweza kuvunja kila kilichoko mbele yake. Katikati yao yupo kijana mmoja, Sing, anayetamani kuwa mwovu lakini hana kipaji cha uovu.

Kwa mizani ya kwanza, ile ya wahakiki wa sebuleni, sahani ya bei rahisi iliyobanwa filamu kumi au zaidi haina utetezi. Picha iliyokamuliwa namna hiyo hupasuka vipande vipande pale mapigano yanapokuwa ya kasi, na katika filamu hii mapigano ndiyo ngoma yenyewe. Weusi wa usiku hugeuka tope. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha mara nyingi huwa ni ya kubahatisha, na hata yakiwa sahihi, kwa wengi wa waliomo kibandani ni michoro tu. Hukumu ingeweza kuishia hapo: sahani mbovu, itupwe.

Lakini juu ya sahani hiyo huja kuongezwa kitu ambacho mizani ya kwanza haina jiwe la kukipimia, nacho ni sauti ya msimulizi. Tanzania ilimpata Lufufu, ambaye jina lake lilivuma Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kwanza mbele ya hadhara ya kibandani, kisha katika kanda na sahani zilizosambaa nchini. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina VJ Jingo kwa Kiganda. Kazi yao haifanani na ile ya studio, ambapo kila muigizaji hupewa mtu wa kumvika sauti. Msimulizi ni mmoja kwa wote. Huishusha sauti ya filamu, akapanda juu yake, akawa shujaa na adui, bibi na mtoto, kisha akatoka ndani ya hadithi na kusema na watazamaji: muangalieni huyu, hajui kinachomngoja. Humpa kila mtu jina la kumtambulisha, na shujaa huwa ndiye steringi. Mpenzi wa ushairi akisikiliza atamtambua mara moja. Huyu ni mghani aliyebadilishiwa ukumbi.

Swali la haki basi ni hili: msimulizi anaikabilije filamu kama hii? Majaribu ni mengi, na moja limo katika majina. Mwenye nyumba na mkewe, wanapojitambulisha mbele ya adui, hujiita Yang Guo na Xiaolongnü. Wachina hucheka papo hapo, kwa kuwa hao ni wapenzi wazuri mno wa riwaya mashuhuri ya Jin Yong, na hawa wawili waliosimama ni wazee waliochakaa. Asiyeijua riwaya hiyo hana cha kuchekea. Wenye filamu wenyewe walilijua hilo, na katika tafsiri ya Kiingereza wakawaita Paris na Helen wa Troya. Kwa hiyo hata tafsiri yenye idhini ya mwenye mali haikuthubutu kuwa mwaminifu kwa neno; ilichagua kuwa mwaminifu kwa kicheko. Msimulizi wa Kiswahili akisema kuwa wazee hawa ni Majnuni na Laila, hakuharibu kitu. Amefanya kama alivyofanya mwenzake wa Kiingereza, tena kwa watu wa pwani amefanya vizuri zaidi, maana Laila wanamjua tangu utotoni.

Jaribu jengine ni maajabu. Wapo wapiga zeze wawili wanaokung'uta nyuzi, na kila mlio ukageuka upanga usioonekana. Kwa mtazamaji wa Katavi jambo hili halihitaji kuombewa radhi. Mkoa wake umebeba jina la Katabi, mwindaji wa masimulizi ya kale, ambaye roho yake yasemekana imo katika mkwaju ulioko ndani ya Hifadhi ya Katavi, na watu huacha sadaka chini yake. Simba naye si mnyama wa kwenye jalada. Ngurumo inayotikisa kuta, kwa mtu aliyekulia kando ya hifadhi hiyo, ni kitu alichokwishakisikia au kusimuliwa na baba yake. Msimulizi mwenye akili haelezi maajabu hayo kama mgeni anayeshangaa. Huyapokea kama mwenyeji, na kazi yake inabaki kuwa moja: kulipa kila ajabu neno lake.

Hapo ndipo thamani ya sahani iliyosimuliwa inapoonekana. Kwa mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha darasani, kibanda kilikuwa skuli ya pili. Humo alisikia Kiswahili kinachokasirika, kinachobembeleza, kinachotania, kinachoapa. Alisikia vitenzi vikikimbia pamoja na miguu ya wapiganaji. Kitabu cha sarufi hakina ukurasa wa namna hiyo.

Ila hukumu ya haki haimsifu mtu kwa upande mmoja. Msimulizi ana kosa lake kubwa, na filamu hii inalianika peupe. Yupo ndani yake msichana bubu. Utotoni, wahuni walitaka kumpokonya peremende yake ya kijiti, na Sing, mtoto mdogo aliyetoa akiba yake yote kununua kijitabu cha ngumi za ajabu, alijitokeza kumtetea. Alipigwa na kudhalilishwa, na kutoka siku hiyo akaamua kwamba wema haulipi. Miaka ikapita, Sing akaja kumwibia muuza barafu tamu, kumbe ni yule yule bubu. Msichana hakupiga kelele. Alimnyooshea peremende ile ile, aliyoitunza muda wote huo. Filamu nzima, pamoja na mashoka na ngurumo zake, imejengwa ili kuufikia mkono huo ulionyooshwa, na mkono huo hausemi neno.

Msimulizi aliyezoea kuujaza kila upenyo kwa maneno hufika hapo akaendelea kusema. Humweleza msichana, humpa maneno, pengine humfanyia mzaha, na jambo ambalo Stephen Chow alilijenga kwa utulivu likazama ndani ya kelele. Malenga hawezi kulisamehe hilo. Ajuaye ushairi anajua kwamba kituo ni sehemu ya ubeti, na kwamba pumzi baina ya ukwapi na utao huhesabiwa kama zinavyohesabiwa mizani. Msimulizi bora atajulikana kwa dakika ile moja: je, alinyamaza? Akinyamaza, kibanda kizima kitanyamaza naye, na sahani mbovu ya Kariakoo itakuwa imetimiza haki ya filamu kuliko DVD safi ya sebuleni.

Baadaye ilikuja njia nyengine, iliyo rasmi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kampuni ya StarTimes ikaifuata njia hiyo kwa tamthilia nyengine nyingi, na vijana wa Kitanzania wakapata kazi ya kuvisha sauti. Ni jambo la kheri. Kila muigizaji ana sauti yake, midomo na maneno hukaribia kupatana, na ukimya huachwa ukae. Hata hivyo, Kiswahili cha studio mara nyingi hutoka kimepigwa pasi mno. Kinaeleweka kila mahali, lakini hakina harufu ya mahali popote. Kibanda kilikosa adabu ya ukimya; studio imekosa chumvi. Anayezitakia kheri sanaa hizi angependa moja ijifunze kwa mwenziwe.

Wapo watakaosema kwamba kuisema hadithi ya wengine si kutunga. Waswahili wa kale hawakuona hivyo. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani aliichukua habari ya vita vya Waislamu na Warumi wa Herekali, iliyotoka katika masimulizi ya Kiarabu, akaigeuza kuwa utenzi wa Kiswahili, Tambuka, ambao hadi leo huhesabiwa miongoni mwa misingi ya fasihi ya pwani. Julius Nyerere, akiwa na nchi ya kuongoza, alipata wasaa wa kumfasiri Shakespeare, na Mabepari wa Venisi ikatoka mwaka 1969. Msimulizi wa kibandani si Mwengo wala si Nyerere, na kazi yake ina mawaa mengi. Lakini mlango alioingilia ni huo huo: kukisimulia cha mbali mpaka kikae miongoni mwa watu wa hapa.

Khatari ni kwamba kazi yake haina mwenyewe wala ghala. Mwenye filamu hakuombwa ruhusa, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ina haki ya kumlinda, kwani jasho la Stephen Chow ni jasho. Lakini sauti ya Kiswahili iliyopandishwa juu ya filamu hiyo nayo ni jasho la mtu, na kwa kuwa ilizaliwa nje ya ndoa, hakuna maktaba inayoona fahari kuipokea. Sahani huchubuka. Zilipokuja kadi za kumbukumbu na simu, nyingi zilitupwa pamoja na mashine zake.

Beti za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikaa vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake. Zisingefika vitabuni lau Mwalimu Sikujua asingezikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, pamoja na Mwingereza Taylor, na diwani haikuchapishwa hadi mwaka 1940. Walichokiokoa ni kile kilichokuwa bado hakijasahauliwa. Wasimulizi wa filamu nao wanazeeka, na waliowasikiliza katika mabenchi ya Mpanda sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Wengi wao bado wanaweza kukariri, neno kwa neno, aliyoyasema msimulizi shujaa alipoinuka kutoka mavumbini. Anayehitajika ni Sikujua wao, mwenye daftari na kinasa sauti, awafuate hadi mwisho wa reli kabla hawajaanza kuyachanganya.