Weka kucha pembeni, twende Ikombe tukafinyange

Kwa kijana wa mjini wikiendi ni muziki, nyama choma na foleni ya kurudi nyumbani. Safari hii nakupeleka mahali ambapo starehe yenyewe ni tope. Ndiyo, tope!

Ukifika Mbeya panda gari la Kyela, kama kilomita 130 hivi. Unapita Tukuyu kwenye baridi, migomba na mashamba ya chai, halafu barabara inateremka hadi kwenye joto la kufa mtu, nchi ya mpunga na kakao. Kutoka Kyela tafuta usafiri wa Matema, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Wengi huishia hapo: wanaogelea, wanakula samaki, wanarudi. Wewe kodi mtumbwi uambae na ufuko hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi, ambako akina mama wanafinyanga vyungu vinavyouzwa hadi Mbeya mjini.

Tulikwenda wawili, mimi na dada mmoja mwenye kucha za bandia, ndefu ile mbaya. Yeye alifuata picha tu. Pale Matema alikuwa amebishania bei ya chungu mpaka muuzaji akachoka.

Tulimkuta mama mmoja wa makamo kivulini, chungu kibichi kimekaa juu ya kigae, anakizungusha polepole kwa mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnanunua au mnajaribu?"

Dada akacheka. Mama akamtupia donge mapajani.

Kwanza ni kukanda, na hapo hakuna mchezo. Udongo unakandwa kama unga wa chapati, vijiwe vinatolewa, mpaka donge lote liwe laini sawasawa. Ndipo unaumba. Anayeanza afinyange kitu kidogo, na kikiwa kinene akichimbe ndani, kwa sababu maji yakibakia kwenye udongo mnene yanageuka mvuke motoni, yanatafuta pa kutokea, na paa! Kazi yote vigae.

Dada akaamua kutengeneza ng'ombe, kama wale tuliocheza nao utotoni. Sikio likadondoka. Akalibandika, likadondoka tena.

"Usilibandike hivyo, mwanangu," mama akasema. "Kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, halafu bana."

Likashika. Hapo ndipo nilipomwona mwenzangu amebadilika. Kucha mbili zilishang'oka, mwenyewe hana habari; simu iko ndani ya mkoba, inalia, haichukui. Maana udongo unakujibu palepale. Ukibonyeza, alama ya kidole inabaki. Sura isipokupendeza unaikusanya, unaanza upya, hujapoteza hata senti. Moto ndio hauna msamaha: udongo ukishachomwa barabara, hata uuloweke mwezi mzima haurudi kuwa tope.

Akiwa anachonga pembe, dada akauliza chungu kimoja kinachukua muda gani. Mama akahesabu kwa vidole vyenye matope: kuchimba, kubeba, kukanda, kufinyanga, kuanika kivulini siku kadhaa, kutafuta kuni, kuchoma. Vingine vinapasuka. Vilivyopona vinapanda mtumbwi, na huko sokoni vinakutana na sufuria za alumini na ndoo za plastiki. Binti zake wawili wanajua kufinyanga vizuri tu, akasema, lakini wako Mbeya, wanauza dukani.

Dada hakusema kitu. (Na ni mtu wa kusema huyo!)

Ng'ombe hakuondoka nasi. Alikuwa mbichi, na udongo ukiharakishwa kukauka unapasuka, kwa hiyo alibaki kwenye ubao kivulini akisubiri moto wa pamoja na vyungu. Dada alinunua vitatu. Mama alitaja bei, dada akatoa pesa, basi.

Nawe ukinunua, vifunge kwa majani makavu ya mgomba na uvipakate. Usikubali viwekwe kwenye buti, barabara ina matuta. Na kondakta akidai nauli ya vyungu, huyo ndiye wa kubishana naye bei.